Mnyanya Wenye Majani Mengi Usiozaa

Katika vibanja vya Karagwe na Kyerwa huonekana mara nyingi minyanya iliyonawiri, yenye majani ya kijani kibichi sana, lakini ukiifunua huoni matunda ila machache. Mwenyewe husikitika, kwa maana fedha ambazo zingenunua madaftari ya watoto amenunulia mbolea. Yafaa basi walimu na wakubwa wa vijiji wajue sababu yake, wapate kuwafundisha wengine.

Chakula kinachokuza majani huitwa naitrojeni. Hewa imejaa kitu hiki, sehemu 78 katika kila 100, lakini mnyanya hauwezi kukichukua hewani. Hukipata kwa mizizi, kikiwa kimeyeyuka katika maji ya udongo. Samadi na mboji zina naitrojeni, na mbolea ya dukani pia: mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni.

Sasa angalieni tabia ya mimea. Mchicha na kabichi twala majani yake, kwa hiyo naitrojeni hutufaa tangu mwanzo. Lakini mnyanya, bilinganya na pilipili huwa na nyakati mbili. Kwanza hujenga mwili, kisha huchanua na kuzaa. Ukiushibisha mno mmea katika wakati wa kwanza, huendelea kujenga majani, na maua huchelewa au hupukutika. Matunda yakiisha kushika, mambo hugeuka: matunda huvuta chakula kwao, na mizizi isipoleta cha kutosha, mmea hutoa naitrojeni katika majani ya chini na kuipeleka juu. Ndipo majani yale huwa manjano. Basi amwagaye mbolea yote mwanzoni hushibisha majani na kuyanyima matunda.

Maharage yana desturi nyingine. Chimbueni shina moja polepole, mtaona vinundu katika mizizi. Ndani yake hukaa vijidudu vidogo mno, navyo huchukua naitrojeni ya hewa na kuupa mmea. Kinundu kikipasuliwa kikaonekana chekundu ndani, kinafanya kazi. Mbolea nyingi ya naitrojeni huvipunguza vinundu. Maganda yakianza kujaa, vinundu hudhoofika na majani hutoa chakula chake kwa mbegu. Kwa hiyo umanjano wa wakati huo si ugonjwa sikuzote.

Tena mahali penyewe pana neno. Mnyanya uliopandwa chini ya migomba hupata jua kidogo. Ukitiwa mbolea nyingi hurefuka na kulegea tu. Udongo ukikauka, mizizi haipati naitrojeni hata kama ipo tele. Mvua kubwa nayo huishusha chini, mizizi isiifikie. Maji yakituama, mizizi hukosa hewa, na naitrojeni nyingine hupotea hewani. Na udongo wenye tindikali nyingi huzuia mizizi kukua.

Wala naitrojeni peke yake haitoshi. Mwaka 2014 shirika la MAVUNO la Karagwe pamoja na watafiti kutoka Ujerumani walijaribu mboji za namna mbalimbali kwa mahindi, maharage, kabichi, karoti na vitunguu. Walikuta kwamba udongo wa pale ulipungukiwa sana na fosforasi, na kwamba mboji iliyochanganywa na makaa iliongeza fosforasi na kupunguza tindikali. Aongezaye urea tu katika udongo wa namna hiyo hupoteza fedha zake.

Basi fanyeni hivi. Tieni samadi iliyooza vizuri kabla ya kuhamisha miche. Mbolea ya dukani igawanyeni: kidogo miche ikiisha kushika, nyingine matunda ya kwanza yanapoanza kuonekana. Urea ifukieni katika udongo wenye unyevu, kwani ikiachwa juu sehemu yake hupotea hewani. Tandazeni nyasi juu ya udongo, lakini msizifukie zikiwa kavu, maana zinapooza huwa zinashindana na mmea kwa naitrojeni.

Walimu na wajaribu jambo hili katika bustani ya shule. Pandeni mistari miwili ya minyanya, penye jua, kwa mbolea ya kipimo kimoja. Mmoja upewe yote mwanzoni, wa pili kwa mafungu. Watoto wapime matunda ya kila mstari na kuandika hesabu yake, kisha wakawaonyeshe wazazi. Mzazi akiona mizani ataamini kuliko akiambiwa.