SOMO: KUWINDA KWALE NA KANGA MAZAO YAKIWA BADO SHAMBANI

Baadhi ya watumishi wanaopelekwa bara kikazi, hasa Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012 na makao yake makuu yakawa Bariadi, hupenda kuwinda ndege siku za mapumziko. Inafaa wasome haya kabla ya kushika bunduki.

Huko pamba hupandwa kuanzia Novemba, na kuchumwa huanza Mei au Juni hadi Agosti. Mvua zikichelewa kukatika, pamba na mtama hubaki shambani hata baada ya Julai, mwezi ambao msimu wa uwindaji wa leseni huanza. Ndege nao hawana haja ya kwenda kwengine, kwani shamba limewapa chakula na maficho. Humo mna kanga, na mna kwale wa kifua cha kijivu, ambaye makao yake ni nyanda za Serengeti na kandokando yake, na aghalabu hapatikani nje ya Tanzania.

Lakini humo mna watu pia. Wachumaji wa pamba, wengi wao akina mama, huinama baina ya mistari wasionekane, na mtama hupita kimo cha mtu. Kwale huruka chini chini. Anayemfuata kwa mtutu huwa ameuelekeza kwenye kimo cha kichwa cha binaadamu, na marisau huweza kufika zaidi ya mita 200. Ndege akianguka ndani ya mtama, anayemtafuta huvunja mashuke. Pamba ikiangushwa ikachanganyika na udongo hushushwa daraja, na hasara ni ya mkulima aliyepalilia miezi mingi.

Jengine ni sumu, na hili husahauliwa sana. Pamba hupigwa dawa ya wadudu, na kwelea kwelea wanaovamia mtama hunyunyiziwa sumu kwa ndege za angani. Kanga aliyekula wadudu au mizoga hiyo huweza kumdhuru mlaji. Ndege anayepepesuka au aliyeokotwa amekufa asiliwe kabisa.

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Nambari 5 ya mwaka 2009 inataka leseni, hata kwa mwenye shamba lake mwenyewe; mitego na sumu haviruhusiwi. Leseni iulizwe katika ofisi ya wanyamapori ya wilaya. Mwenye shamba naye aombwe ruhusa kabla ya kuingia, na aulizwe lini shamba lilipigwa dawa na nani wamo ndani siku hiyo.