Wahasibu wa Nchi Jirani Wameungana: Mfanyakazi Anapata Nini?



Wakati wa mazungumzo ya mishahara wengi wetu tumelisikia neno moja kutoka upande wa pili wa meza: "Kampuni imepata hasara." Menejimenti huweka mezani kitabu cha hesabu chenye saini ya mkaguzi, na hapo wajumbe wetu hunyamaza. Hawanyamazi kwa kuwa wameridhika. Wananyamaza kwa sababu hawajui kukisoma kitabu kile.

Somo letu la leo linawahusu watu wanaotia saini kitabu hicho. Tutaona jinsi walivyoungana na wenzao wa nchi jirani, na faida tunayoweza kuipata sisi tunaochuma chai, tunaokata mkonge na tunaoendesha mashine.

1. Vyama vya wahasibu

Si kila ajuaye kujumlisha na kutoa anaruhusiwa kukagua hesabu za kampuni. Ni lazima awe amefaulu mitihani na kusajiliwa. Hapa Tanzania kazi hiyo ni ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, iliyoundwa kwa sheria namba 33 ya mwaka 1972. Wenzetu wa Kenya wana chama chao, ICPAK, tangu 1978. Uganda ilitunga sheria ya wahasibu mwaka 1992, na Rwanda mwaka 2008. Burundi nao wana chama chao.

Vyama hivi husajili wahasibu, husimamia kanuni za kazi yao, na huwaadhibu wanaozivunja. Mhasibu aliyefutwa katika daftari la chama chake hawezi tena kutia saini hesabu za watu.

2. Kwa nini washirikiane?

Wazee wetu wanaikumbuka Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, iliyoundwa mwaka 1967. Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na reli moja, bandari za pamoja, shirika moja la ndege na posta moja. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika. Siasa ilikuwa miongoni mwa sababu za kuvunjika kwake. Lakini ilipovunjika likazuka swali la hesabu: mali ni kiasi gani, madeni ni kiasi gani, na nani achukue nini? Msuluhishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht, aliifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, na mapatano yakatiwa saini Arusha mwezi Mei 1984. Hata baada ya hapo, wafanyakazi wa zamani wa Jumuiya hapa Tanzania waliendelea kudai mafao yao kwa miaka mingi, mpaka mahakamani.

Funzo ni hili: mali ya pamoja inapokosa hesabu ambazo wote wanazikubali, mfanyakazi huwa wa mwisho kulipwa.

Jumuiya mpya iliundwa kwa mkataba wa mwaka 1999. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010, nayo inazitaka nchi wanachama zitambuliane vyeti vya elimu na vya taaluma. Mwaka 2011 vyama vya wahasibu vikatiana saini mkataba wa kutambuana. Wahasibu walikuwa miongoni mwa wanataaluma wa kwanza kufanya hivyo. Mhasibu wa Nairobi anaweza kutambuliwa Dar es Salaam bila kuanza mitihani upya tangu mwanzo. Hata hivyo ni lazima ajiandikishe kwa chama cha nchi aliyokwenda, na afuate sheria za huko za kazi na uhamiaji. Mwaka huohuo wa 2011 vyama vya bara zima viliunda shirikisho lao, PAFA.

3. Mizani moja

Mchuma chai anajua maana ya mizani. Ikiwa mizani ya kituo hiki inasema kilo 20, na ya kituo cha pili inasema kilo 17 kwa kikapu kilekile, mtu anaibiwa. Hesabu za kampuni nazo zinahitaji mizani moja. Ndiyo maana Kenya, Uganda na Tanzania zilikubali kanuni za kimataifa za hesabu. Kampuni yenye mashamba Kericho na Mufindi inaweza sasa kupimwa kwa kipimo kimoja.

Kanuni hizo zinatupa mambo matatu ya kutafuta kitabuni.

La kwanza ni biashara baina ya ndugu. Tuchukue mfano wa kubuni. Shamba linatoa kilo 1,000,000 za chai. Kila kilo inagharimu shilingi 2,000. Shamba linaiuzia kampuni nyingine ya mwenye mali yuleyule, iliyo nchi ya nje, kwa shilingi 2,050. Kampuni hiyo inauza kwa shilingi 2,600. Shambani inaonekana faida ya shilingi milioni 50 tu, na nje, kabla ya gharama za huko, shilingi milioni 550. Jasho limetoka hapa, faida imeandikwa kule. Kanuni namba 24 inaitaka kampuni ieleze biashara yake na kampuni ndugu. Maelezo hayo huwa kurasa za nyuma, ambako wengi hatufiki.

La pili ni haki zetu zinazodaiwa. Kanuni namba 19 inataka likizo ambazo hazijalipwa, pensheni na kiinua mgongo kilichoahidiwa viandikwe kuwa deni la kampuni. Kama mkataba wetu wa hali bora una kiinua mgongo, na kitabuni hakimo, tuulize.

La tatu ni uhai wa kiwanda. Ikiwa kuna shaka kubwa kwamba kampuni itaweza kuendelea na kazi, hesabu zinatakiwa ziseme hivyo. Ni afadhali tulisome jambo hilo mapema kuliko kulikuta limebandikwa getini siku ya kufungwa.

4. Tusidanganyike

Umoja wa wahasibu ni jambo jema, lakini wahasibu si mawakili wetu. Mkaguzi hulipwa na kampuni anayoikagua. Saini yake husema kwamba, kwa maoni yake, hesabu zimefuata kanuni. Haisemi kwamba mshahara unatosha, wala kwamba bei ya kuuziana baina ya ndugu ni ya haki. Anayepaswa kuuliza maswali hayo ni chama cha wafanyakazi.

5. Tufanye nini?

Sheria inatupa mlango. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 70, inamtaka mwajiri akipe chama kinachotambuliwa taarifa zinazohusika na majadiliano. Kenya, Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 57, inasema vivyo hivyo. Basi tawi liombe hesabu kwa barua, mapema, kabla ya siku ya kukaa mezani. Litafute mhasibu aliyesajiliwa awafundishe wajumbe kusoma mizania na maelezo yake.

Kisha tuige walivyofanya wahasibu: tuvuke mpaka. Kama mwajiri wetu ana kiwanda Uganda au shamba Kenya, tuwaandikie wenzetu wa tawi la huko. Tubadilishane hesabu na mikataba. Vyama vyetu vina shirikisho la Afrika Mashariki, EATUC, lenye makao yake Arusha, lililoundwa mwaka 1988. Njia ipo, tuitumie. Mwajiri anaziona hesabu za nchi zote kwa pamoja, nasi tukiona za nchi moja tu tutakuwa kama anayepima kikapu kwa jicho moja, tena kwa mbali.

Maswali ya kujadiliana tawini

1. Je, mwajiri wetu ana kampuni ndugu katika nchi jirani? Zipi?
2. Mara ya mwisho tulipoambiwa "hasara", tuliomba kuona hesabu? Tulijibiwa nini?
3. Nani katika tawi letu anaweza kupelekwa kujifunza kusoma hesabu?
4. Fundi wetu mwenye cheti cha ufundi anatambuliwa nchi jirani kama mhasibu? Kama sivyo, tudai nini?