Mgrivea: Namna ya Kuupanda na Kuupogoa Bila Kuwanyima Nyuki Maua

Katika vitabu vya chama cha msingi cha kahawa mti wa kivuli haumo. Imo kahawa iliyopokelewa, yumo mwanachama na namba yake, zimo pembejeo alizokopeshwa na makato aliyokatwa. Lakini mti uliosimama juu ya kahawa hiyo, na nyuki aliyeitembelea ilipochanua, havina ukurasa. Ndiyo maana mti huo hukatwa bila kuulizwa na mtu, na hasara yake haionekani mpaka msimu mwingine. Somo hili linahusu mti mmoja tu, mgrivea, ambao mashambani kwetu, kuanzia Turwa hadi upande wa Mugumu, watu wengi wanaujua kwa mbao, nguzo na kuni, na wachache wanaujua kwa maua yake.

Asili ya mgrivea ni mashariki ya Australia. Jina lake limetokana na Charles Francis Greville, Mwingereza aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa chama cha watu wa bustani kilichoundwa London mwaka 1804. Wanaushirika hawatachukia kusikia kwamba mti wao umebeba jina la mwanachama mwanzilishi. Mti wenyewe ulielezwa rasmi katika maandishi ya kitaalamu mwaka 1830. Katika nchi nyingi ulipandwa kwanza kuwa pambo la bustani na kando ya barabara, kwa sababu ya majani yake yaliyochanika mfano wa manyoya, yenye rangi ya fedha upande wa chini, na maua yake ya rangi ya dhahabu yaliyojipanga upande mmoja kama meno ya chanuo. Afrika Mashariki uliletwa hasa kuwa kivuli cha chai na kahawa, na pambo likasahauliwa.

Ua la mgrivea hutoa nekta nyingi mno. Nyuki huijia, chozi huijia, na ndege wengine wadogo pia. Hapa pana jambo la kushangaza kidogo: waliouchunguza mti huu magharibi ya Kenya, si mbali na sisi, waliona kwamba kazi kubwa ya kuuchavusha hufanywa na ndege, ambao vichwa vyao hugusa chavua wanapochovya midomo. Nyuki aghalabu hunywa na kuondoka bila kulipa. Basi mgrivea unamlisha nyuki bure. Faida ya karamu hiyo huivuna mbuni ulio chini yake.

KAHAWA NA NYUKI

Mbuni wa arabika hujichavusha wenyewe, na kwa sababu hiyo wakulima wengi, hata baadhi ya mabwana shamba wa zamani, walidhani kwamba nyuki hana kazi katika kahawa. Mwaka 2014 watafiti waliofanya kazi kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, wakiongozwa na Alice Classen, walitangaza matokeo ya majaribio yao. Waliyaziba baadhi ya maua ya kahawa yasifikiwe na wadudu, na baadhi ya mibuni wakaizuia isifikiwe na ndege na popo. Maua yaliyofikiwa na wachavushaji yalitoa matunda yenye uzito zaidi kwa wastani wa asilimia 7. Nayo mibuni iliyofikiwa na ndege na popo, ambao hula wadudu waharibifu, ilishika matunda zaidi kwa asilimia 9.

Kilimanjaro si Tarime, na shamba moja halilingani na jingine. Hata hivyo yafaa katibu aifanye hesabu hii mbele ya wanachama. Mwanachama aliyeleta chamani kilo 600 za matunda mabivu, asilimia 7 yake ni kilo 42. Kilo hizo hazikuhitaji mbolea ya mkopo wala makato. Zililetwa na mdudu asiye na kitabu cha uanachama.

Sasa iko shida moja. Kahawa huchanua siku chache tu. Mvua inyeshapo baada ya ukame, maua hufunguka yapata siku nane hadi kumi na mbili baadaye, na kwa siku mbili au tatu shamba zima huwa jeupe. Kisha hunyauka, na kwa nyuki karamu imekwisha. Kundi la nyuki haliwezi kuishi mwaka mzima kwa kungoja siku hizo chache. Lisipopata chakula jirani katika miezi mingine, litahama, na kahawa itakapochanua tena hapatakuwa na wa kuizuru. Kwa hiyo shamba linahitaji miti ichanuayo kwa zamu. Mgrivea ni mmoja wao, lakini usiwe peke yake. Mringaringa wenye maua meupe ni mti wetu wa asili, nao ni kivuli kizuri cha kahawa na hupendwa sana na nyuki. Kuhusu kibobakasi wenye maua mekundu makubwa, ni pambo la kuvutia, lakini nchini Brazil, ambako ulipelekwa kuwa pambo, wadudu wengi, pamoja na nyuki wadogo wasiouma, walikutwa wamekufa ndani ya maua yake. Haufai kuwa mti wa kutegemea kando ya mizinga.

MBEGU NA KITALU

Upungufu wa kwanza huanza katika mbegu. Mbegu ya mgrivea haivumilii kukaa. Katika joto la kawaida hupoteza uhai baada ya miezi michache tu. Chama kimoja kiliwahi kununua mbegu za kutosha kitalu kizima, zikafungiwa kabatini pamoja na daftari za wanachama kungojea kikao cha kuidhinisha gharama za mifuko. Kikao kiliahirishwa mara mbili. Zilipopandwa zilioza karibu zote, na lawama akabebeshwa mtunza kitalu, aliyepewa mbegu zilizokufa. Hesabu za mwaka zilionyesha kila kitu sawasawa: risiti ya mbegu ilikuwapo. Mkaguzi wa vitabu hawezi kuona mbegu iliyokufa ndani ya risiti, ila kamati iliweza kuidhinisha mifuko kwanza na mbegu baadaye.

Njia iliyo bora ni wanachama kuchuma mbegu wenyewe. Tunda la mgrivea lina umbo la mtumbwi mdogo, na ndani yake mna mbegu mbili nyembamba zenye mabawa. Lichumwe linapoanza kugeuka kutoka kijani kwenda kahawia, kabla halijapasuka, maana likipasuka mbegu hupeperuka. Matunda yatandazwe juu ya mkeka mahali pasipo upepo, juani, yajipasue yenyewe. Mbegu zichumwe katika miti mingi iliyo mbalimbali, siyo katika mti mmoja uliosimama karibu na ofisi. Mgrivea kwa sehemu kubwa hauzai vizuri kwa chavua yake wenyewe. Ulio peke yake hutoa mbegu haba, na watoto wa mti mmoja hurithi udhaifu wake.

Mbegu husiwa juu juu katika kitalu cha mchanga, hufunikwa kidogo sana, na huota baada ya majuma mawili hadi manne. Mche ukipata majani ya kweli mawili uhamishiwe mfukoni, chini ya kivuli chepesi, na kivuli hicho kipunguzwe polepole ili mche uzoee jua. Upandwe shambani mwanzo wa mvua. Mpakani, mita mbili na nusu au tatu kati ya mche na mche zatosha. Ndani ya kahawa iachwe nafasi ya mita nane hadi kumi, la sivyo kivuli kitakuwa kizito. Katika maeneo makavu zaidi ya Serengeti mchwa huishambulia miche, kwa hiyo majani makavu yasirundikwe kugusa shina. Mche ulio mpakani upandwe kwa kumshirikisha jirani, tena mbele ya shahidi. Ugomvi wa mti mkubwa ni mgumu kuusuluhisha kuliko ugomvi wa mche.

KUPOGOA

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Mwaka wa kwanza mti usiguswe, isipokuwa ukitoa vichwa viwili. Hapo kimoja kiondolewe, kibaki kilichonyooka. Kuanzia mwaka wa pili au wa tatu matawi ya chini huondolewa kidogo kidogo, kwa kiasi kwamba nusu ya juu ya mti ibaki na matawi yake. Mti uliovuliwa nguo hadi shingoni kila mwaka hurefuka na kuwa mwembamba, na upepo huuvunja.

Tawi likatwe kwa msumeno. Panga hupasua gome, na mpasuko huo ni mlango wa maradhi. Kwanza hukatwa kidogo upande wa chini wa tawi, hatua moja mbali na shina. Kisha hukatwa upande wa juu mpaka lianguke bila kuchana gome. Mwisho kisiki kilichosalia huondolewa karibu na shina, nje tu ya uvimbe ulio kwenye kitako cha tawi. Uvimbe huo usikatwe, kwani ndio utakaoziba jeraha. Apogoaye avae mikono mirefu. Majani na vumbi la mti huu huwawasha watu wengine, na wengine hutoka vipele.

Mti ukikomaa wakulima wengi huukata matawi yote pamoja na kichwa, ukabaki nguzo, nao huchipua tena. Si kosa. Kwa njia hiyo mti mmoja hutoa kuni mara nyingi, kahawa hupata mwanga, na majani huwa matandazo. Lakini maua ya mgrivea hutoka katika vijitawi vifupi vilivyomea kwenye matawi yaliyokwisha komaa. Chipukizi jipya halichanui. Kwa hiyo mti unaokatwa kichwa kila mwaka ni mti usiochanua kamwe, na mmiliki wake huweza kuishi nao miaka ishirini asijue kwamba una maua ya dhahabu.

Aghalabu ukataji huo wa jumla hauletwi na kutojua. Huletwa na ada ya shule. Mwanachama anahitaji fedha kwa siku moja, mnunuzi wa nguzo na kuni anataka lori lijae kwa siku moja, na miti kumi na miwili inalala chini kabla ya magharibi. Kumwambia mzazi huyo habari za nyuki ni kupoteza wakati, ikiwa hakuelezwa mapema njia nyingine. Njia yenyewe ni zamu. Miti kumi na miwili igawanywe katika mafungu matatu ya miti minne. Kila mwaka likatwe fungu moja tu, na mafungu mawili yapogolewe matawi ya chini pekee. Kuni zinapatikana kila mwaka badala ya mara moja kwa miaka mitatu, kivuli hakiondoki chote, na daima ipo miti yenye matawi yaliyokomaa kwa ajili ya maua. Hata katika fungu linalokatwa, si vibaya kuacha mti mmoja mzima, ulio mnyofu na wenye afya, uwe wa mbegu. Wanachama watano wenye mashamba jirani wakipanga mafungu yao pamoja wanaweza kulijaza lori la mnunuzi bila hata mmoja wao kumaliza shamba lake, tena wakauza kwa bei moja. Hilo ni jambo ambalo ushirika unalifahamu tangu zamani katika kahawa; halijajaribiwa vya kutosha katika kuni.

Wakati unaofaa ni mwanzo wa mvua kubwa, kahawa isipohitaji kivuli kingi. Katikati ya kiangazi kikali mti usikatwe, kwa maana mibuni itaunguzwa. Kabla ya kukata, mtu ainue macho. Akiona tawi lina maua au vitumba, aliache mpaka maua yadondoke.

Neno moja kuhusu dawa. Mtu anaweza kuitunza miti yake vyema kisha akawaua nyuki kwa bomba lake mwenyewe. Dawa ya wadudu isipulizwe kahawa ikiwa imechanua, wala mgrivea ulio juu yake ukiwa umechanua. Ikilazimu kupuliza wakati mwingine, ipulizwe jioni nyuki wakiwa wamerudi mizingani, na majirani wenye mizinga waarifiwe siku moja kabla. Ubao wa matangazo wa chama unafaa kwa kazi hiyo.

KAZI YA VIKUNDI

Katibu afungue ukurasa mmoja katika daftari na, kwa msaada wa wanachama, aandike kwa mwaka mzima mwezi na juma ambalo kila mti wa maua ulichanua katika eneo la chama: kahawa, mgrivea, mringaringa na mingineyo. Mwisho wa mwaka kikundi kijadili maswali haya. Ni miezi gani ambayo hapakuwa na ua lolote kwa nyuki, na ni mti gani ungeweza kuijaza? Katika mashamba ya wanakikundi ni migrivea mingapi iliyochanua mwaka huu, na ni mingapi iliyokatwa kichwa? Je, wapo wanachama majirani walio tayari kupanga mafungu ya kukata kwa pamoja, na nani ataandika makubaliano yao? Majibu ya kila kikundi yaletwe kwa katibu, naye ayasome mbele ya mkutano mkuu kabla ya taarifa ya mapokezi ya kahawa.