Kiyoyozi cha Saizi Gani Kinatosha Chumba?

Bariadi mwezi wa 9 na wa 10, kabla mvua hazijashika, bati linawaka. Saa 8 mchana ukiingia chumba kisicho na dari ni kama umeingia kwenye tanuri la matofali, na usiku kuta bado zinatoa joto. Ndiyo maana siku hizi mtu akiuza pamba yake vizuri anaanza kuwaza kiyoyozi.

Tuseme nyumbani kwenu mmekubaliana kukiweka chumba anacholala bibi na wajukuu watatu. Muuzaji anasema: "Chukueni kikubwa, ndicho kinapoza haraka." Je, ni kweli? Wewe unayesoma fizikia ndiye wa kuwasaidia.

Kwanza, ukubwa wa kiyoyozi si ukubwa wa boksi lake. Ni kiasi cha joto kinachoweza kutoa chumbani kwa saa moja, nacho hupimwa kwa BTU. Mafundi husema pia "tani". Tani moja ni BTU 12,000 kwa saa, yaani kama kilowati 3.5. Neno hilo limetoka enzi za kupoza kwa barafu: ni joto la kuyeyusha tani moja ya Kimarekani (kilo 907) ya barafu kwa saa 24. Kilo moja ya barafu inahitaji kilojuli 334. Haya, kokotoa uone kama hufiki 3.5!

Sasa chukua futikamba. Kwa nchi zetu za joto, makadirio ya kawaida ni BTU 600 kwa kila mita ya mraba. Chumba cha bibi ni mita 3 kwa 4, yaani 12. Zidisha: 7,200. Dirisha linapigwa na jua la jioni? Ongeza asilimia 10, inakuwa 7,920. Wakilala zaidi ya wawili, kila anayezidi ongeza 600, maana mwili wa mtu nao ni jiko dogo. Wako wanne, basi jumla 9,120. Madukani kuna 9,000, 12,000, 18,000 na 24,000. Hiyo ya 9,000 inatosha. Lakini hesabu hii ni ya chumba chenye dari. Kama juu ni bati tupu, pigeni dari kwanza, hata feni mtaiona imepata nguvu.

Wakinunua ile ya 24,000 je? Itapoza dakika chache, itajizima, itawaka tena, hivyo hivyo usiku kucha. Haipati muda wa kukausha unyevu. Kiangazi hamtaona tatizo, ila masika chumba kitakuwa baridi na chepechepe, kuvu itaota ukutani, na mwenye pumu ataanza kubanwa. Ndogo mno nayo haipumziki.

Tena kuna LUKU. Kiyoyozi cha BTU 12,000 hula kama kilowati 1.1 kikiwa kinapoza. Saa 6 bila kupumzika ni uniti 6.6. Siku 12 tu umeshapita uniti 75! Waonyeshe wazazi hesabu hiyo kabla hawajalipa.

Jambo ambalo muuzaji hatalisema: viyoyozi vingi vya ukutani haviingizi hewa mpya. Vinazungusha ile ile ya ndani. Mmefunga madirisha, bibi anakohoa, na wajukuu wanavuta hewa hiyo hiyo hadi asubuhi. Kifua kikuu huenea kwa hewa. Kwa hiyo fungueni madirisha kila siku, na akikohoa wiki mbili au zaidi apelekwe kituo cha afya, maana matibabu ya kifua kikuu ni bure. Na chandarua kisitolewe eti kwa sababu chumba kina baridi. Mbu haogopi nyuzi 25.

Zoezi: Darasa lenu ni mita 7 kwa 8, mko 45. Bila kuhesabu jua, linahitaji BTU ngapi? (Jibu: 59,400, yaani mashine mbili za 24,000 hazitoshi.) Sasa tazama madirisha ya darasa lenu: yako pande zote mbili ili upepo upite? Mangapi yamezibwa kwa maboksi, na nani aliyaziba?