Kufundisha Kuchuja na Kutuama kwa Mfano wa Chujio la Mafuta ya Mashua

Mwalimu mwanafunzi anayefanya mazoezi ya kufundisha Chang'ombe, Dodoma, huenda akajiuliza: watoto wa nyanda kavu wana haja gani na injini ya mashua? Jibu halipo mbali. Kusini, katika barabara ya kwenda Iringa, lipo bwawa la Mtera, lililojengwa katika miaka ya 1970 kwa ajili ya kuhifadhi maji ya mto Ruaha Mkuu. Wavuvi hufanya kazi humo, na samaki wao hufika sokoni Dodoma. Aidha, mashine ya kusaga inayotumia dizeli ina chujio lifanyalo kazi ile ile. Tofauti ni kwamba mashine ya kusaga ikizimika, unga huchelewa. Injini ya mashua ikizimika wakati wa upepo mkali, maisha ya watu yamo hatarini.

Mara nyingi somo hili hufundishwa kwa kuchora chujio ubaoni na kuwaamuru wanafunzi wanakili. Mtoto hukariri kwamba chujio huondoa uchafu, asijue ni uchafu gani wala huondolewaje. Hapa tunapendekeza njia nyingine, kwa vipindi viwili vya darasa la tano.

Shabaha. Mwisho wa somo, mwanafunzi aweze kueleza kwa nini kuzuia mchanga peke yake hakutoshi, na kwa nini chujio la mashua huwa na kikombe chini yake.

Zana. Chupa mbili zinazoonyesha ndani, mafuta ya kupikia, maji, mchanga, faneli na chujio la chai. Petroli, dizeli na mafuta ya taa visiingizwe darasani kabisa.

Hatua ya kwanza. Waulize wanafunzi ni vitu gani huchujwa nyumbani kwao, na kwa nini. Yaandike majibu yao ubaoni bila kuyasahihisha.

Hatua ya pili. Tia mafuta, maji kidogo na mchanga katika chupa moja. Watake wanafunzi watabiri kitakachobaki katika chujio. Tikisa chupa, kisha mimina mchanganyiko huo katika chupa ya pili kwa kupitia chujio la chai. Mchanga utabaki; maji yatapita pamoja na mafuta.

Hatua ya tatu. Iache chupa ya pili itulie. Maji yatashuka chini, kwa kuwa mafuta ni mepesi kuliko maji. Petroli na dizeli nazo huelea juu ya maji vivyo hivyo. Wanafunzi waseme wenyewe tofauti ya kuchuja na kutuama.

Hatua ya nne. Sasa chora: tangi, mpira wa mafuta, chujio, injini. Karatasi iliyomo ndani ya chujio huzuia chembe; maji hutuama katika kikombe. Kisha uliza: chujio hili tulifunge wapi, na vipi? Kwa maswali, waongoze wafikie kanuni hizi:

(a) Lifungwe kati ya tangi na injini, na mshale ulioandikwa juu yake uelekee injini.

(b) Lisimame wima, kikombe kikiwa chini, mahali panapofikika kwa mkono.

(c) Lishikizwe imara lisitikisike, na liwe mbali na joto la bomba la moshi.

(d) Mipira ikazwe kwa vibano, na mvujo ukaguliwe kabla ya kuwasha injini. Wakati wa kazi hii pasiwe na moto wala sigara.

Chujio nalo huhitaji kulindwa. Dumu la mafuta lifunikwe mvua isiingie. Mafuta yaachwe yatulie kabla ya kumiminwa, na masalio ya chini ya dumu yasitiwe katika tangi. Kikombe kimwagwe kabla hakijajaa, tena katika chombo, si bwawani. Kikijaa, maji huendelea mpaka kwenye injini. Karatasi iliyoziba ibadilishwe, na ya akiba iwemo chomboni.

Kupima. Wape wanafunzi swali hili: mvuvi amefunga chujio jipya, lakini injini huzimika kila baada ya mwendo mfupi, akague nini? Majibu sahihi ni mengi: kikombe kilichojaa maji, mshale uliogeuzwa, kiungo kinachoingiza hewa, au tundu la hewa la tangi lililoziba. Basi usikubali jibu la neno moja. Mtake kila mwanafunzi atoe sababu yake. Mtoto atakayeuliza kwanza mafuta hayo yalihifadhiwa katika dumu la namna gani, huyo amelielewa somo, hata kama jina la sehemu moja ya chujio limempotea.