Nyuki wa Tanga: Je, Vita Huamuliwa na Bahati?

Mpenzi msomaji, kama ulikuwepo ukumbini muhula uliopita Chama cha Kiswahili kilipoandaa mjadala, utaikumbuka hoja iliyoandikwa ubaoni: "Vita huamuliwa na bahati kuliko mipango." Mimi nilikuwa mtetezi wa kwanza. Nilisimama, nikaweka tai sawa, nikasimulia jinsi Waingereza walivyofukuzwa na nyuki mjini Tanga mwaka 1914. Watu walivunjika mbavu kwa kicheko. Tulishinda kwa kura nyingi, na usiku huo nililala nikijiona wakili kamili.

Kesho yake mwalimu wetu wa Historia alinisimamisha nje ya maktaba. Hakunipongeza. Aliniuliza swali moja tu: "Na ule usiku mji ulipobaki mtupu, bahati ilikuwa ya nani?" Nilibaki kinywa wazi. Kusema kweli sikujua hata kama mji uliwahi kubaki mtupu. Ikabidi nirudi vitabuni, na haya ninayoyaandika ndiyo niliyoyapata.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza Agosti 1914, nchi yetu ilitawaliwa na Waingereza, nayo Tanganyika ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Waingereza waliutamani mji wa Tanga kwa kuwa ulikuwa na bandari, na hapo ndipo ilipoanzia reli ya kwenda Moshi, karibu na mpaka wetu. Jeshi la watu wapatao 8,000 liliondoka Bombay, India, tarehe 16 Oktoba chini ya Meja Jenerali Arthur Aitken. Mipango ilikuwepo, tena mingi: meli, vikosi, mizinga, tarehe. Lakini wahenga walisema mipango si matumizi.

Askari hao walikaa baharini majuma mawili na zaidi, wengi wakitapika kwa mawimbi, wala hawakushushwa Mombasa wakapumzika. Aitken alipewa nafasi ya kuwachukua askari wa King's African Rifles waliozoea nchi hii, akakataa. Alionywa kwamba askari Waafrika wa Wajerumani si wa kuchezewa, asisikie. Hadi hapo, ndugu msomaji, nyuki bado wako mizingani mwao wakitengeneza asali. (Lugha yetu nayo ina vichekesho: mzinga wa vita na mzinga wa nyuki ni neno lile lile!)

Asubuhi ya tarehe 2 Novemba manowari HMS Fox iliingia bandarini peke yake. Huko nyuma, mwezi wa Agosti, wanamaji wa Kiingereza walikuwa wamepatana na wakuu wa Tanga na Dar es Salaam kwamba miji hiyo isishambuliwe. Nahodha wa Fox, Francis Caulfeild, aliona ni haki kuwaarifu wenyeji kwamba mapatano yamekwisha, akawapa muda mfupi wasalimu amri. Yaani unakwenda kumvizia mtu, kwanza unapiga hodi! Halafu kukawa na hofu kwamba bahari imetegwa mabomu. Bahari ikafagiliwa saa baada ya saa, na halikuonekana hata bomu moja.

Saa hizo zilikuwa dhahabu kwa mtu mmoja aliyekuwa upande wa Moshi. Luteni Kanali Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa amekwisha kuhisi kwamba Tanga italengwa. Gavana wake, Heinrich Schnee, hakutaka mapigano mjini humo. Lettow-Vorbeck akaamua kupigana hivyo hivyo, akaanza kuwapakia askari wake kwenye magari ya moshi, kikosi baada ya kikosi. Angeshindwa, bila shaka angeshtakiwa kwa kukaidi amri. Basi naye alicheza kamari. Tofauti ni kwamba kabla ya kucheza alikwenda kutazama. Aliwasili alfajiri ya tarehe 4, akachukua baiskeli, akauzunguka mji katika giza hadi karibu na ufuo, ajionee mwenyewe adui yuko wapi na nafasi ya kupigania iko wapi.

Aitken je? Vikosi vyake viwili vilikuwa vimejaribu kuingia mjini tarehe 3 vikarudishwa. Hiyo ilikuwa ishara tosha. Hata hivyo, siku ya pili aliwatoa wote mchana, jua la utosi, wakapenya vichaka na mashamba ambayo hakuna aliyeyapeleleza ipasavyo. Mbele yao walikuwa askari kama 1,000 tu. Baadhi ya Waingereza na Wahindi walipigana kishujaa mpaka wakaingia mjini, na ni vizuri hilo lisemwe, kwa sababu mimi katika mjadala niliwafanya wote waonekane waoga.

Kisha wakaja nyuki. Risasi ziliwachokoza mizingani juu ya miti, wakashuka kama wingu. Kikosi kimoja cha Wahindi, cha 98, kilitawanyika kabisa. Lakini kumbe, na hapa ndipo niliposhikwa na aibu, nyuki hawakuchagua bendera! Waliwauma na askari wa Wajerumani, hata baadhi ya bunduki za rashasha za Wajerumani zikanyamaza kwa muda. Isitoshe, vikosi vingine vya Aitken vilikuwa vinavunjika kwa risasi, si kwa miiba ya nyuki. Kilichomaliza mambo jioni ile ni kikosi ambacho Lettow-Vorbeck alikuwa amekiweka akiba, akakitupa ubavuni mwa adui. Mpango huo ulitokana na kujua ubavu wenyewe uko wapi.

Sasa lile swali la mwalimu. Giza lilipoingia, tarumbeta ya Wajerumani ililia, askari wao wakaielewa vibaya. Walidhani wanaambiwa warudi nyuma, wakatoka mjini wakaelekea magharibi. Tanga ikabaki wazi. Naam, usiku ule bahati iliwaangukia Waingereza waziwazi, kubwa kuliko nyuki wote. Nao walikuwa ufuoni wakingoja kushambuliwa, na amri iliyotoka ilikuwa ya kurudi melini. Kulipopambazuka Wajerumani walikuwa wamekwisha kurejea. Tarehe 5 Waingereza wakaondoka, wakiacha mamia ya bunduki, risasi zaidi ya 500,000 na bunduki za rashasha. Upande wao zaidi ya watu 800 waliuawa, walijeruhiwa au walipotea. Upande wa pili hawakufika 200.

Mwalimu alinifundisha kutenganisha maswali mawili ambayo mimi nilikuwa nimeyapika chungu kimoja: Je, mambo yaliishaje? Na je, uamuzi ulikuwa mzuri kwa yale yaliyojulikana saa ile? Caulfeild hakuwa mjinga. Alidhani anatimiza ahadi. Aitken hakuwaita nyuki. Lakini kukataa wenyeji wa nchi, kutopeleleza, kutotuma watu wa kutosha usiku kuhakikisha kimya kile kina maana gani, hayo hayakuwa bahati mbaya. Yalikuwa maamuzi, na yana mwenyewe. Wakubwa wake London waliliona hilo: alirudishwa Uingereza akashushwa cheo hadi kanali.

Kinyume chake kinafurahisha zaidi. Januari 1915 Lettow-Vorbeck alishinda tena, huko Jasin, si mbali na Vanga yetu. Mtu mwingine angepiga vigelegele. Yeye alihesabu: maafisa wazoefu wamekufa, risasi zipatazo 200,000 zimetumika, na baharini hakuna njia ya kuleta nyingine. Akaona kwamba ushindi wa namna hiyo utammaliza. Hapo akabadili mbinu, akawa anashambulia reli na kukimbia, mpaka aliposalimu amri tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, siku kadhaa baada ya vita kwisha Ulaya.

Kwa hesabu za jeshi lake alipanga vyema. Lakini mbinu ile ya kukimbizana miaka minne ilibebwa mabegani mwa watu ambao hawakukaa kwenye meza ya mpango wowote. Wapagazi kwa makumi ya maelfu walikufa kwa njaa, kuhara na malaria, katika pande zote mbili. Jina la Kariokor mjini Nairobi limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza, Carrier Corps. Nimepita hapo mara nyingi nikiwaza bei ya viatu tu.

Katika mjadala nilisema "bahati" mara kumi na moja, katibu alihesabu. Mjadala utarudiwa muhula ujao, hoja ile ile. Nimemwomba mwenyekiti anihamishe upande wa upinzani, naye amekubali kwa sharti kwamba nisiwataje nyuki kabla ya dakika ya tatu.