Familia Ikibadilika Kanada, Waambie CRA Mapema

Mama akiolewa upya, mtoto akihamia kwa baba yake, au mume akifika kutoka kambini baada ya kusubiri miaka, pesa za watoto zinazolipwa na serikali ya Kanada nazo hubadilika. Taarifa zikichelewa, pesa hizo hugeuka deni. Nawaandikia hasa ndugu zetu waliotoka Kongo na Burundi kama wakimbizi, ambao pesa hizi ndizo zinazowasaidia kulipa pango la nyumba.

Malipo haya huitwa Canada Child Benefit, na yalianza Julai 2016. Hayakatwi kodi. Hulipwa na CRA, yaani mamlaka ya mapato ya nchi hiyo, kwa kawaida karibu na tarehe 20 ya kila mwezi. Katika mwaka wa malipo wa Julai 2025 hadi Juni 2026, familia yenye kipato kisichozidi dola 37,487 hupata kiwango kamili: dola 666.41 kwa mwezi kwa kila mtoto aliye chini ya miaka 6, na dola 562.33 kwa mwenye miaka 6 hadi 17. Kipato kikivuka hapo, malipo hupungua. Marekani nao walilipa kila mwezi kwa namna yao, Julai hadi Desemba 2021, kisha wakaacha. Kwa hiyo ushauri wa jamaa aliyeko Texas au Ohio usiufuate huku.

CRA hutazama kipato cha mwaka uliopita cha mzazi na mwenzi wake kwa pamoja. Ukipoteza kazi Oktoba, malipo hayapandi Novemba kwa sababu hiyo. Kupungua kwa kipato chako kutaanza kuonekana Julai itakayofuata. Lakini hali ya ndoa na idadi ya watoto unaoishi nao hazisubiri Julai. Hesabu hufanywa upya kuanzia mwezi unaofuata ule wa badiliko.

Tuchukue mama mwenye watoto wawili, mmoja ana miaka 4 na mwingine 9, na kipato chake ni dola 30,000 kwa mwaka. Anapata kiwango kamili, karibu dola 1,229 kwa mwezi. Akiolewa na mwanamume mwenye kipato cha dola 40,000, familia inahesabiwa kuwa na dola 70,000, na malipo yanashuka hadi kama dola 863. Akikaa kimya miezi 10, atakuwa amepokea takriban dola 3,660 asizostahili, na zote zitadaiwa.

Una hadi mwisho wa mwezi unaofuata ule uliofunga ndoa kutoa taarifa. Tumia akaunti yako ya CRA mtandaoni, piga simu 1-800-387-1193, au jaza fomu RC65. Kuishi pamoja bila ndoa nako huhesabiwa, mkitimiza miezi 12 mfululizo, au mapema zaidi ikiwa mna mtoto wenu. Mkiachana, utaratibu ni tofauti kidogo: subiri kwanza hadi mpitishe siku 90 mkiishi mbalimbali, ndipo utoe taarifa. Hesabu itarudi nyuma hadi tarehe mliyotengana kweli, kwa hiyo iandike tarehe hiyo mahali.

Sasa jambo ambalo naomba lisomwe kwa makini. Mume yuko katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu au Kakuma, mke na watoto wako Winnipeg, Kanada. Mtu anamshauri mama ajaze kwamba hana mume au wameachana, ili apate pesa zaidi. Ni ushauri mbaya. Kwa sheria ya Kanada, wanandoa waliotenganishwa na mipaka au na foleni ya uhamiaji bado ni wanandoa, kwa sababu ndoa yenyewe haijavunjika. Jaza kwamba umeolewa, kisha ueleze kipato cha mumeo aliye nje kwa fomu CTB9, hata kama ni sifuri. Kipato cha sifuri hakikupunguzii chochote, hivyo uongo huo hauna faida ila hatari. Siku mume atakapowasili, ripoti tarehe aliyoingia nchini.

Mtoto naye huhesabiwa akiwa anaishi nawe. Aliyebaki Bujumbura kwa bibi yake hahesabiwi, hata ukimtumia pesa kila mwezi. Akifika, usichelewe kupeleka fomu RC66, na tunza karatasi zake za kuingilia nchini. Anayezaliwa Kanada ni rahisi zaidi: unaposajili kizazi, kubali taarifa zipelekwe CRA. Wazazi walioachana wanaogawana malezi, kila mmoja akikaa na mtoto kati ya asilimia 40 na 60 ya muda, hupata nusu ya kile ambacho angelipwa kwa kipato chake kama angekuwa na mtoto muda wote. Mtoto akihamia moja kwa moja kwa mzazi mwingine au kwa shangazi, sema. Umri huna haja ya kuripoti; akitimiza 6 malipo hushuka yenyewe, akitimiza 18 hukoma.

CRA ikikuandikia kutaka uthibitisho, jibu kwa barua ya shule, mkataba wa nyumba au barua ya daktari. Kunyamaza huweza kusimamisha malipo, hata kama haki iko upande wako. Ukihama, badilisha anwani ili barua hizo zikufikie. Ukiambiwa una deni, piga simu uombe kulipa polepole. Vinginevyo watakata malipo yajayo. Kama unaona hesabu yao ina makosa, una siku 90 tangu tarehe ya barua ya uamuzi kuwasilisha pingamizi rasmi.

Zaidi ya yote, wewe na mwenzi wako aliyeko Kanada, kila mmoja ajaze ritani yake ya kodi kila mwaka kabla ya 30 Aprili kupita, hata asipopata senti. Bila ritani zote mbili, malipo husimama Julai. Wenye kipato kidogo hujaziwa bure na watu wa kujitolea katika kliniki za kodi za jamii. Ulizia iliyo karibu nawe kuanzia Machi, na ukienda, waeleze pia kila kilichobadilika nyumbani mwako mwaka huo.